Ribot, Farasi Mdogo wa Dormello

Federico Tesio alipofariki dunia tarehe 1 Mei 1954, akiwa ametimiza umri wa miaka 85, Italia ilipotewa na mtu aliyezijua nasaba za farasi kama shekhe aijuavyo silsila ya walimu wake, jina kwa jina hadi kwa yule wa kwanza. Naye aliacha zizini mwake, miongoni mwa farasi wachanga waliokuwa wakingojea kufunguliwa kwa msimu, dume mmoja wa miaka miwili, wa rangi ya kahawia na mfupi wa kimo, ambaye hapo awali hakutazamiwa makuu. Miezi miwili baadaye, tarehe 4 Julai, dume huyo alipelekwa katika uwanja wa San Siro mjini Milan, akakimbia mita 1,000 juu ya majani, akashinda. Jina lake aliitwa Ribot. Tangu siku hiyo hata alipostaafu alitoka uwanjani mara 16, na mara 16 akarudi mshindi, na yule aliyemzalisha hakujaliwa kuiona hata moja.

Tesio alizaliwa Turin mwaka 1869, akafiwa na wazazi wake angali mtoto mdogo, akawa afisa katika jeshi la wapanda farasi, na katika ujana wake akasafiri nchi za mbali, hata akazivuka nyika za Patagonia juu ya mgongo wa farasi. Mwaka 1898 alimwoa Lydia Fiori di Serramezzana, na mwaka huo huo wakaanzisha shamba la kuzalishia farasi huko Dormello, kando ya Ziwa Maggiore. Italia ya siku hizo haikuwa nchi ya kutajwa katika mambo ya mbio. Mabwana wa Uingereza na Ufaransa ndio waliokuwa na malisho mapana, fedha za urithi na madume mashuhuri, ilhali Tesio hakuwa na mali ya kushindana nao. Kwa ajili hiyo alikwenda katika minada ya Newmarket kutafuta majike ambao wenyewe wamekwisha kuwachoka. Mmoja wao, aliyeitwa Catnip, alimnunua mwaka 1915 kwa gini 75. Catnip alimzaa Nogara, na Nogara akamzaa Nearco, farasi aliyekimbia mara 14 bila kushindwa na kuuzwa Uingereza mwaka 1938 kwa pauni 60,000. Hivyo ndivyo ilivyokuwa biashara ya Dormello: kununua kwa senti, kuzalisha kwa akili, na kuuza kwa dhahabu, maana shamba lenyewe halikuwa na njia nyingine ya kujilisha.

Mwaka 1932, fedha zilipopungua, Tesio aliingia katika shirika na Marikisi Mario Incisa della Rocchetta, bwana ambaye wapenzi wa mvinyo humkumbuka kwa sababu nyingine kabisa, kwa kuwa ndiye aliyeuanzisha mvinyo wa Sassicaia. Kazi ya kuchagua dume yupi apelekewe jike yupi ilibaki mikononi mwa Tesio peke yake. Ilikuwa desturi yake pia kuwapa farasi wake majina ya wachoraji na wachongaji, na Ribot alipewa jina la mchoraji Mfaransa wa karne ya 19, Théodule Ribot. Baba yake alikuwa Tenerani, mshindi wa Derby ya Italia mwaka 1947, na mama yake Romanella, jike mwepesi aliyeng'ara utotoni. Nasaba ya baba, ukiifuata nyuma dume kwa dume, hupita kwa St. Simon na Eclipse wa Uingereza hata ikafika kwa yule farasi wa Kiarabu aliyenunuliwa Halab, katika nchi ya Sham, mwaka 1704, na kupelekwa kwa ukoo wa Darley huko Yorkshire.

Ribot alizaliwa tarehe 27 Februari 1952 katika shamba la taifa la Uingereza, mama yake akiwa huko ugenini, kisha akarudishwa Italia. Alikuwa mdogo mno hata watu wa zizi wakambandika jina la *il piccolo*, yaani mdogo. Siku zile, katika mbio kubwa za farasi wa miaka mitatu, kama vile Derby, mwenye farasi alitakiwa kumwandikisha mapema sana na kulipa ada kabla hajajua kama mnyama wake atakuwa na nguvu au la. Na kwa kuwa kila jina linaloandikwa ni fedha inayotoka, wakubwa wa Dormello waliwaandikisha wale waliodhaniwa kuwa na matumaini, na Ribot hakuwamo. Wako waandishi waliolifanya jambo hili kuwa kosa kuu la Tesio. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyekuwa akihesabu kila lira ili shamba lisifungwe hakuwa na haki ya kulipia ndoto za kila mtoto mfupi aliyezaliwa mwaka ule. Hata hivyo matokeo yake ni ya kuchekesha: farasi bora kuliko wote waliopata kutoka Italia hakukimbia Derby ya Italia.

Katika mwaka wake wa kwanza alishinda mara tatu, na mara ya tatu ndiyo pekee aliyokaribia kupatwa. Ilikuwa katika Gran Criterium, ambapo mpanda wake, Enrico Camici, alimzuia nyuma ya wenzake akitaka kumwachia mwishoni. Farasi hakuipenda hila hiyo, na alipoachiwa akajikuta ana kazi kubwa ya kumfikia mwenzake Gail, akamshinda kwa kichwa tu. Camici, ambaye ndiye aliyempanda katika mbio zake zote, alijifunza somo lake siku ile, na tangu hapo alimwacha aende karibu na mbele kama moyo wake unavyotaka.

Mwaka 1955 Ribot alianza kwa kuwaacha wapinzani nyuma kwa urefu wa farasi sita, kisha kumi, maana umbali katika mbio hizi hupimwa kwa mwili wa farasi. Halafu akapatwa na kikohozi, akapumzishwa, na aliporudi akamshinda mpinzani aitwaye Derain kwa mwili mmoja tu. Lakini walipokutana tena, naye amekwisha kupona, alimwacha kwa kumi. Hapo ndipo Marikisi na mjane wa Tesio, Donna Lydia, walipoamua kumpeleka Paris kukimbia mbio za Prix de l'Arc de Triomphe, au Arc kwa kifupi. Wafaransa hawakumjali sana. Walijua kwamba alikuwa hajatoka kwao Italia, na Italia, kwa mizani yao, ilikuwa ni mahali pa kushinda dhaifu. Tarehe 9 Oktoba aliwatangulia wote kwa miili mitatu, akarudi Milan, na katika Gran Premio del Jockey Club akashinda kwa miili 15.

Mwaka uliofuata haukuwa na la kusimulia mpaka mwezi wa Julai, kwa kuwa farasi wa Italia hawakuwa tena na sababu ya kukimbia naye ila zawadi ya pili. Ulipofika mwezi huo alivuka bahari kwenda Ascot, akakimbia mbio za King George VI na Queen Elizabeth juu ya ardhi iliyolowa na kunata, akaonekana kwa muda kama anayetaabika, kisha katika njia ya mwisho akajiondoa na kumwacha High Veldt, farasi wa Malkia, kwa miili mitano. Inasemekana kwamba baadhi ya watazamaji wa Kiingereza walitoka pale wakinung'unika kuwa hawakuona muujiza. Waliutaka muujiza gani zaidi, sijui.

Basi wakauona tarehe 7 Oktoba 1956, Ribot aliporudi Paris kukimbia Arc kwa mara ya pili. Uwanja wa mbio hizo, Longchamp, si tambarare: farasi hupanda mwinuko taratibu, kisha hushuka wakikata kona kwa mkono wa kulia, kisha hukuta sehemu iliyonyooka ambayo humdanganya mpanda mgeni akadhani amekwisha kuingia njia ya mwisho, kumbe ipo kona nyingine mbele yake, na aliyemhimiza farasi hapo hujuta kabla ya kufika. Siku hiyo walikusanyika farasi 20. Ireland ilimleta Talgo, mshindi wa Derby yake. Ufaransa ilikuwa na Tanerko. Na kutoka Marekani, ng'ambo ya bahari, walikuja Career Boy na Fisherman, jambo lililokuwa nadra siku zile. Fisherman aliwaongoza kwa mwendo mkali. Camici alikaa karibu, mikono imetulia, akaupita ule mnyoofu wa udanganyifu bila kumgusa mnyama wake, na walipoingia katika njia ya mwisho yenyewe akamlegezea hatamu. Toka hapo hapakuwa na mashindano. Waamuzi waliandika kwamba alimshinda Talgo kwa miili sita, ingawa waliozichungua picha walihesabu zaidi ya hapo.

Kwa hakika mpinzani anaweza kusema, wala hatakosa haki kabisa, kwamba mbio 13 kati ya 16 zilikuwa za nyumbani, na wengi wa aliowashinda huko hawakuwa kitu. Lakini aliyeshinda mita 1,000 akiwa mtoto, akashinda mita 3,000 za Gran Premio di Milano akiwa mtu mzima, akavuka mipaka mara tatu na mara zote tatu akawashinda bora wa nchi nyingine, hana deni.

Baada ya hapo ilianza kazi yake ya pili, ya kuzalisha. Mwaka 1957 aliwekwa katika shamba la Lord Derby huko Uingereza, kisha akarejea Italia, kisha John Galbreath, tajiri wa Marekani, akamkodi kwa miaka mitano kwa dola 1,350,000 ili asimame katika shamba lake la Darby Dan huko Lexington, Kentucky. Na hapa ilidhihiri tabia ambayo viwanjani ilikuwa haijaonekana. Farasi yule mpole, aliyezoea kusafiri na mwenzake wa zizini Magistris ili asikose utulivu, aligeuka kuwa mkali, mwenye kusimama kwa miguu ya nyuma na kuwakabili watunzaji wake hata wakamwendea kwa hadhari. Muda wa mkataba ulipokwisha, ilipasa arudishwe Ulaya, lakini haikupatikana bima ya kumsafirisha mnyama wa tabia ile baharini wala angani. Basi mkataba ukaongezwa, na Ribot akabaki Kentucky mpaka alipokufa mwaka 1972, akiwa na miaka 20. Mara ngapi dhuria ya kiumbe imeamuliwa na ukali wake?

Maana watoto wake wengi walizaliwa huko, wakanunuliwa na matajiri, wakarudishwa kukimbia Ulaya, hata baba aliyekuwa Marekani akahesabiwa dume wa kwanza wa Uingereza na Ireland katika miaka ya 1963, 1967 na 1968. Molvedo, aliyezaliwa Italia, alishinda Arc mwaka 1961, naye alipandwa na Camici yule yule. Prince Royal akaishinda mwaka 1964. Ragusa alichukua Derby ya Ireland, King George na St. Leger katika mwaka mmoja. Ndugu wawili wa baba na mama, Ribocco na Ribero, walishinda Derby ya Ireland na St. Leger mmoja baada ya mwingine, 1967 na 1968, wote wawili chini ya mpanda Lester Piggott. Huko Marekani kwenyewe, ambako mbio nyingi ni za udongoni, Tom Rolfe alishinda Preakness mwaka 1965 na Arts and Letters akashinda Belmont mwaka 1969. Si wote waliobarikiwa: Ribofilio aliaminiwa na wacheza kamari kuliko farasi yeyote katika mbio kubwa nne za mwaka 1969, mbili za Epsom na Newmarket, moja ya Ireland na moja ya Doncaster, na zote nne akashindwa.

Ungedhani kwamba kwa wana kama hao nasaba ya dume kwa dume ingesimama imara. Alleged, mjukuu wa Tom Rolfe, aliipata Arc mara mbili, 1977 na 1978, kisha tawi hilo likapungua nguvu mwaka hadi mwaka. Damu ilipita kwingine. Alikuwapo mwana mmoja wa Ribot, His Majesty, ambaye uwanjani hakufikia sifa ya nduguye Graustark, naye akamzaa binti, Razyana, ambaye hakuacha jina lolote katika mbio. Razyana akapandishwa na Danzig, na mwaka 1986 akamzaa Danehill, dume aliyeongoza Australia mara tisa. Na binti wa Danehill, aitwaye Kind, akamzaa Frankel, yule wa Mwanamfalme Khalid Abdullah wa Saudia, aliyekimbia mara 14 kati ya 2010 na 2012 asishindwe hata mara moja. Kwa hesabu yetu ya ukoo, Razyana ni mjukuu wa Ribot, Danehill kitukuu, Kind kilembwe, na Frankel kilembwekeza.