Ukoo na nasaba katika delta ya Rufiji na Kibiti

Ukoo katika delta ya Rufiji na Kibiti ni kundi la watu wanaohesabiana udugu kupitia babu au bibi mmoja, iwe kwa upande wa baba (kuumeni) au kwa upande wa mama (kukeni). Eneo hilo liko katika Mkoa wa Pwani, kusini kwa Dar es Salaam, likitazamana na kisiwa cha Mafia. Wenyeji wake ni hasa Wandengereko, Warufiji na, katika delta yenyewe, Wanyagatwa, pamoja na Wamatumbi na wengine waliohamia. Wengi wao ni Waislamu na lugha yao ya kila siku ni Kiswahili. Kutafuta nasaba huko hakuwezi kufuata jina la ukoo peke yake, kwa sababu jina la mwisho la mtu kwa kawaida ni jina la babu yake, nalo hubadilika kila kizazi.

Majina

Mtoto hupewa jina lake, likifuatwa na la baba, kisha la babu. Zamani maneno bin na binti yaliwekwa katikati. Siku hizi huachwa katika maandishi, ingawa bado yanasikika msikitini, katika ndoa na mazishini. Tuchukue mfano wa kubuni: mtu anaitwa Athumani Saidi Mketo, yaani Athumani mwana wa Saidi mwana wa Mketo. Binti yake ataitwa Fatuma Athumani Saidi. Jina la Mketo limeshatoka, na mjukuu wa Fatuma hatalikuta katika karatasi yoyote ya nyumbani kwao.

Mambo hubadilika mtoto anapoandikishwa shule. Mwalimu akiandika Fatuma Athumani Mketo, jina la babu mkuu linaganda na kuanza kutumika kama jina la ukoo. Ndugu yake aliyeandikishwa mwaka mwingine, au aliyepelekwa shule na mjomba, anaweza kuwa Athumani Saidi. Ndiyo maana wapo watu wa baba mmoja na mama mmoja wenye majina ya mwisho tofauti. Zamani hilo halikumsumbua mtu. Tangu vitambulisho vya taifa vianze kutolewa na NIDA limekuwa usumbufu wa kweli, kwani majina yasiyolingana kati ya cheti cha shule, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho hulazimu mhusika kula kiapo mbele ya wakili au hakimu.

Majina ya Kiislamu kama Juma, Hamisi na Mwajuma hayamsaidii sana mtafutaji, kwa kuwa kila kijiji kinayo kwa makumi. Yenye faida ni majina ya asili. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi Agosti 1905 mwanzoni mwa Vita vya Maji Maji, alikuwa na jina ambalo halichanganywi na la mtu mwingine. Mtulia, Ungando na Mpembenwe ni majina yanayojulikana nchini kwa sababu ya wabunge wa Rufiji na Kibiti. Hata hivyo jina moja si ushahidi wa ukoo mmoja, kwani majina mengi ya asili yalitokana na tukio, tabia au hali ya kuzaliwa, na yangeweza kutolewa katika nyumba mbili zisizojuana.

Desturi ya somo huongeza utata. Mtoto hupewa jina la babu au bibi, na hivyo majina hupokezana: Saidi Athumani, kisha Athumani Saidi, kisha Saidi Athumani tena. Anayesikia habari za "Saidi Athumani aliyekuwa nahodha" hana budi kuuliza ni yupi.

Mwanamke haachi jina la baba yake anapoolewa, jambo ambalo lingerahisisha utafutaji kama jina hilo lingetumika. Tatizo ni kwamba akishazaa huitwa Mama Fulani, baadaye Bibi Fulani, na wajukuu wengi hulisikia jina lake la kuzaliwa kwa mara ya kwanza siku ya msiba.

Uskoti, nchi ambayo koo zake zinajulikana duniani kote, ilianza na utaratibu unaofanana na huu. Mac katika MacDonald maana yake ni "mwana wa", sawa na bin. Tofauti ni kwamba jina hilo liliganda karne nyingi zilizopita, na tangu mwaka 1855 serikali ya huko imesajili kila kizazi, ndoa na kifo kwa lazima. Mjukuu wa Mskoti aliyeko Kanada huanza na jina la ukoo na kurudi nyuma daftari kwa daftari. Mjukuu wa Mrufiji aliyeko Mbagala hulazimika kuanza na kijiji.

Mlango na tumbo

Ndani ya ukoo watu hutaja milango, yaani matawi yanayotokana na watoto wa babu mmoja. Watoto wa mama mmoja husemwa kuwa ni wa tumbo moja, na tofauti hiyo ina uzito kwa kuwa wanaume wengi walikuwa na wake zaidi ya mmoja, pengine mmoja bondeni kwenye mpunga na mwingine pwani.

Waluguru, na Wazaramo kwa desturi yao ya zamani, huhesabu ukoo kwa mama. Rufiji na delta pande zote mbili huhesabiwa. Hali kama hiyo ilielezwa kwa kina ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari na mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyefanya utafiti kaskazini mwa Mafia kuanzia mwaka 1965 na kuchapisha kitabu mwaka 1975. Huko mtu anaweza kudai nafasi katika zaidi ya ukoo mmoja, akachagua anapokaa na kulima kulingana na udugu anaoutumia. Familia nyingi za delta zina ndugu Mafia, na boti za Nyamisati zinazokwenda kisiwani hubeba wageni wa harusi na misiba kama zinavyobeba mizigo.

Sababu za kutafuta nasaba

Sababu ya kwanza ni ndoa. Watoto wa mjomba au wa shangazi wanaruhusiwa kuoana, lakini watoto wa baba mmoja hawaruhusiwi, wala walionyonya kwa mama mmoja. Kijana wa Bungu na binti wa Mbwera wanaweza kukutana Dar es Salaam bila kujua kwamba babu yao mzaa baba ni mmoja, au kwamba baba wa mmoja wao alikuwa na mke wa pili mtoni. Wazee huuliza maswali marefu kabla ya kupokea posa, na maswali hayo si ya adabu tu.

Sababu ya pili ni mirathi. Mtu akifariki, ukoo hukaa kikao, huandika muhtasari na kumpendekeza msimamizi wa mirathi, ambaye huthibitishwa na Mahakama ya Mwanzo. Muhtasari huo huenda ndiyo karatasi pekee ambayo ukoo hujiandika wenyewe, ukitaja wake, watoto na ndugu. Mtoto asiyetajwa humo atapata kazi kubwa kudai haki yake. Mali yenyewe mara nyingi ni miti: minazi, mikorosho na miembe, ambayo kwa desturi ya pwani inaweza kuwa ya mtu mmoja huku ardhi ikiwa ya mwingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki za kimila, lakini anayedai shamba la babu lazima awe na watu wa kusema kwamba huyo alikuwa babu yake.

Mahali nasaba inapokatika

Kwa familia nyingi mnyororo hukatika katika karne ya 19. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa, na baada ya Sultani Barghash kukubali kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini mwaka 1873, misafara ilipita nchi kavu kutoka Kilwa kwenda kaskazini, ikivuka mto Rufiji. Wapo waliobaki njiani. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Waliokombolewa waliweza kuingizwa katika ukoo wa bwana wao na kuchukua majina yake, au kujiita kwa kabila la mbali kama Myao au Mnyasa. Wajukuu wanapouliza, wazee wengine hunyamaza. Ukimya huo nao ni habari, na mtafutaji mwenye busara haulazimishi kuvunjika mbele ya watu.

Mkatiko wa pili ni Operesheni Rufiji. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha wakazi wa bonde la mafuriko na kuwapeleka katika vijiji vya nyanda za juu. Kjell Havnevik, aliyeandika kitabu kuhusu Rufiji kilichotoka mwaka 1993, alionyesha jinsi uhamisho huo ulivyovuruga kilimo. Kwa upande wa nasaba ulivuruga ujirani. Bondeni milango ya ukoo ilikaa karibu karibu na makaburi yao. Vijijini nyumba zilipangwa kwa safu, na makaburi yakabaki kwenye magugu na maji. Mahali pengine mwembe ndio alama pekee kwamba palikuwa na mji wa watu.

Katika miaka ya 2016 na 2017 mauaji yaliyolenga hasa viongozi wa vijiji na vitongoji yalizifanya baadhi ya familia za Kibiti na Rufiji kuhama. Viongozi hao ndio waliokuwa wakiandika barua za utambulisho za nani ni mtoto wa nani.

Lugha nayo imo. Kindengereko, ambacho sarufi yake ilielezwa na Eva-Marie Ström mwaka 2013, kinaachwa na vijana kwa ajili ya Kiswahili, na majina ya zamani yanabaki bila mtu wa kueleza maana yake.

Nyaraka

Wakati wa ukoloni wa Waingereza usajili wa vizazi na vifo haukuwa wa lazima kwa Waafrika, kwa hiyo vyeti vya zamani ni haba. Kwa sasa kazi hiyo ni ya RITA. Nyaraka za Wajerumani na vitabu vya wilaya vya Waingereza vimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, lakini hutaja zaidi majumbe, maakida na walipa kodi, yaani wanaume. Baadhi ya familia zina karatasi za herufi za Kiarabu zilizowekwa ndani ya msahafu, zenye tarehe za kuzaliwa kwa mwaka wa Hijria.

Anayesoma nyaraka akumbuke kwamba Kibiti ilitengwa na Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Aliyezaliwa Salale mwaka 1980 ataandikwa Rufiji, na mwanawe aliyezaliwa hapo hapo mwaka 2020 ataandikwa Kibiti. Pasipo na tarehe, matukio husaidia: Maji Maji ya 1905, manowari ya Wajerumani Königsberg iliyozamishwa deltani Julai 1915, Operesheni, mvua za El Niño za 1997 na 1998. Swali "ulizaliwa mwaka gani?" mara nyingi halina jibu, lakini "mama yako alikuwa amekubeba wakati wa Operesheni?" hujibiwa papo hapo.

Tangu mwaka 1998 watafiti wa afya wamekuwa wakiorodhesha kaya za sehemu ya Rufiji na Kibiti, wakiandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Kumbukumbu hizo, ambazo sasa ziko chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, ni za utafiti na si za kufunguliwa na kila mtu.

Habari za ukoo

Kwa miaka mingi matangazo ya vifo ya Radio Tanzania yalikuwa kama daftari la wazi la koo. Tangazo lilimtaja marehemu, kisha likasema habari ziwafikie fulani wa Nyamisati, fulani wa Temeke na fulani wa Mafia, likieleza ni mjomba, shemeji au baba mdogo. Msikilizaji aliyekuwa na kalamu angeweza kuchora ukoo mzima kwa msiba mmoja. Siku hizi kazi hiyo imehamia kwenye vikundi vya WhatsApp vya ukoo, ambavyo huchangisha fedha za mazishi na kupanga hitima. Ujumbe wake hufutika simu inapoharibika, na watu wachache huunakili.

Hitima ya arobaini bado ndiyo nafasi bora ya kuuliza, kwa sababu milango yote huwa imewakilishwa na wanawake wazee, ambao kwa kawaida hujua matumbo kuliko wanaume, wamekaa pamoja jikoni. Watani pia hufika, na katika mizaha yao hutaja hadharani mambo ya ukoo ambayo ndugu wenyewe wasingeyasema.