Shule ya kuchora katika Lubumbashi: kufundisha ao kuacha?

Kila mwaka masomo yakikaribia kuanza, wazazi wanakuja kutuuliza sisi walimu: mutoto wangu aende seksio gani? Mara moja moja mutoto mwenyewe anajibu mbele yetu: Beaux-Arts. Hapo baba anacheka, ao anakasirika. «Mwalimu, rangi batu banakulaka?» Baba mumoja aliniuliza vile, na mimi, juu ya haya, nikakosa jibu. Nikamusaidia kumuandikisha mutoto wake katika seksio ya biashara. Nitarudilia neno hilo. Lakini kwanza tukumbuke kwamba mji wetu una shule za kuchora tangu miaka zaidi ya 70, na mabishano juu ya kazi yao yalianza pamoja nazo.

Watu wa Katanga hawakungojea shule ili wachore. Mwaka 1926, kule Bukama, Mubelgiji mumoja wa serkali, Georges Thiry, aliona nyumba zenye mapicha kwenye kuta. Muchoraji alikuwa Albert Lubaki. Thiry akamupa karatasi na rangi, na kazi zake zikafika Ulaya. Mwaka 1929 zilionyeshwa Bruxelles. Zile kuta mvua ilikwisha kuziharibu zamani. Karatasi zingine zingaliko, lakini kule kwao, si hapa.

Mwaka 1946, Mufransa Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani afisa wa meli za vita, alifungua katika Elisabethville karakana yake ya wachoraji. Jina lake kubwa lilikuwa Akademi ya Ufundi wa Wakongomani, lakini watu waliiita tu «Hangar». Yeye hakutaka kufundisha namna ya Ulaya. Hakuwapa wanafunzi kazi za wazungu ili waige. Aliwaambia watazame pori, wanyama, na mambo waliyoyachukua katika roho yao, kisha kila mutu atafute njia yake. Na kweli, njia zilionekana. Bela, mutu wa kabila la Sara kutoka Tchad, alichora kwa ncha za vidole, bila burushi. Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na nyoka, na nyuma yao akajaza nukta na mistari midogo mpaka hakuna nafasi tupu inayobaki. Mwenze Kibwanga alipanga mistari mifupi inayokatana, unasema ni mukeka uliosukwa. Mbele ya kazi za hawa watatu huwezi kukosea: hakuna anayefanana na mwenzake. Ni walimu wangapi leo wanaweza kusema hivyo juu ya darasa lao?

Hata hivyo, kuna jambo linalonisumbua. Mwalimu anayemukataza mwanafunzi kutazama kazi za watu wengine, anamufundisha pia. Nani aliamua kwamba Mukongomani akijichora mwenyewe, anapashwa kuchora swala? Nimetazama mapicha mingi ya Hangar katika vitabu: samaki, antilope, wawindaji, mamba. Ile shimini ya Union Minière, ambayo kila mutu wa Elisabethville aliiona akifungua mulango asubuhi, sijaikuta. Yule Mufransa aliwapenda, sina shaka. Lakini uhuru aliowapa ulikuwa na lupango, na lupango ile aliijenga yeye.

Mwaka 1951, mupaka rangi Mubelgiji Laurent Moonens akaanzisha akademi ingine, hii ya serkali, yenye programu na miaka ya masomo. Romain-Desfossés akafa mwaka 1954, Hangar ikamalizika, na wachoraji wake kadhaa wakaingia kwa Moonens. Pilipili na Mwenze wakakuwa walimu pale. Ningependa sana kusikia masomo yao ya kwanza! Watu ambao walikatazwa kuiga, sasa wanasimama mbele ya watoto wanaowatazama ili waige. Kati ya watoto wale alikuwa Mode Muntu, aliyezaliwa mwaka 1940, na aliyeingia na miaka 14. Yeye hakutoka na ndege za Pilipili wala na mistari ya Mwenze. Watu wake ni vivuli virefu, vyembamba, vinavyoshikana na kucheza. Alikufa mwaka 1985. Miaka 30 kisha, mwaka 2015, Paris ilionyesha kazi zake pamoja na za Lubaki, Bela, Pilipili na Mwenze, katika maonyesho makubwa ya Fondation Cartier.

Na shimini? Iliingia katika mapicha kwa njia ya balabala. Katika miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu, asiyesoma katika akademi yoyote, alitembea nyumba kwa nyumba akiuza mapicha ya historia. Alichora Lumumba, alichora wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi katika mugomo wa mwaka 1941. Mapicha ya namna ile watu waliyaita «ukumbusho», na waliyatundika katika salon, mahali wageni wanakaa. Mwaka 1973 na 1974 alimuchorea mwalimu wa chuo kikuu, Johannes Fabian, historia ya inchi katika mapicha karibu 100.

Basi wengine wanasema: unaona, shule haina faida, Tshibumba hakusoma. Mimi pia nilisema hivyo, ilinisaidia kulala usingizi. Sasa nirudilie yule kijana wa seksio ya biashara. Alipata diplome ya Etat, kazi ya ofisi hakuipata. Leo anachoraka vibao vya salon za nywele na farmasi, na mukono wake si mubaya. Nilimukuta juu ya ngazi, akimaliza kichwa cha mwanamuke mwenye kusukwa. Nikamuuliza mbona kila mwanamuke wake anaficha mikono nyuma ya nywele.

Akacheka. «Mwalimu, bidole binanishinda. Hakuna mutu alinionyeshaka.»

Kisha akashuka, akapangusa burushi, akaniuliza kama kule Beaux-Arts wanapokea mutu wa miaka 27. Juma iliyofuata nilikwenda kuuliza.