Wakfu wa Vitabu Sarajevo: Karibu Karne Tano za Amana ya Gazi Husrev-beg

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ama baad. Liko swali ambalo kila msikiti mkongwe na kila nyumba ya wanazuoni hukutana nalo siku moja: vitabu vya wakfu vilivyoandikwa kwa mkono, ambavyo karatasi zake zimeanza kukatika, vifanyweje? Viachwe kabatini kwa heshima ya wenyewe? Vipelekwe kwenye makumbusho vikae ndani ya kioo? Au vipigwe picha na asili yake ifungiwe? Katika makala hii tumeona tulitazame swali hili kwa njia ya historia, kupitia wakfu mmoja ulioko Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina. Wakfu huo ulianza kwa madrasa na kabati la vitabu, na leo una maktaba, hifadhi ya nyaraka, makumbusho na ukumbi wa maonyesho ya sanaa.

MWENYE KUWEKA WAKFU

Gazi Husrev-beg alizaliwa mwaka 1480 katika mji wa Serres, ambao leo uko Ugiriki. Baba yake, Ferhad-beg, alikuwa mtu wa Herzegovina. Mama yake, Seldžuka, alikuwa binti wa Sultan Bayezid II wa dola ya Uthmaniya. Mwaka 1521 alipewa uliwali wa Bosnia, akashika kazi hiyo kwa sehemu kubwa ya miaka iliyobaki ya umri wake, mpaka alipofariki mwaka 1541. Kaburi lake liko ubavuni mwa msikiti wake.

Msikiti huo ulikamilika mwaka 937 Hijria (1530–31 Miladi). Kando yake aliweka khanqah kwa ajili ya watu wa tasawwuf, jiko la kuwalisha maskini na wasafiri, hamamu, na maduka ambayo kodi zake zilitumika kuendesha yote hayo. Kwa hiyo mwalimu wa madrasa hakuhitaji kungoja hisani ya mtawala wa siku hiyo, kwani mshahara wake ulitoka katika pato la wakfu.

Tarehe 26 Rajab 943, sawa na 8 Januari 1537, iliandikwa hati ya wakfu ya madrasa. Madrasa hiyo iliitwa Seldžukija kwa jina la mama yake, lakini watu waliizoea zaidi kwa jina la Kuršumlija, kwa sababu ya risasi iliyoezekwa juu ya makuba yake. Ndani ya hati hiyo mna sharti fupi ambalo ndilo msingi wa maneno yetu yote: kwamba fedha zitakazobaki baada ya ujenzi zinunuliwe vitabu vizuri, vitumike katika madrasa hiyo, visomwe na wenye kusoma na vinakiliwe na wenye kutafuta elimu. Maktaba ya Gazi Husrev-beg huhesabu umri wake tangu siku ya hati hiyo.

Msomaji mpendwa, lizingatie sharti hili. Mwenye wakfu hakutaka vitabu vikae tu, alitaka visomwe na vinakiliwe. Kunakili katika zama zile ndiko kulikokuwa njia ya kitabu kimoja kuwa vitabu kumi, na ya elimu kuvuka umri wa karatasi.

FIQHI YA WAKFU WA VITABU

Asili ya wakfu inajulikana. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi ya Khaibar, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aizuie asili yake na ayatoe sadaka manufaa yake, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Kuhusu vitu vinavyohamishika, maulamaa walikhitilafiana. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, kila kitu ambacho watu wananufaika nacho huku dhati yake ikibaki kinafaa kuwekwa wakfu, na vitabu vimo humo. Miongoni mwa dalili zao ni habari ya Khalid bin Walid (R.A.), aliyezuia deraya na zana zake kwa ajili ya njia ya Allah.

Bosnia ilikuwa nchi ya madhehebu ya Imam Abu Hanifa. Hapo Imam Muhammad bin al-Hasan alijuzisha wakfu wa vitu vinavyohamishika pale ambapo desturi ya watu imekwisha kuupokea, na Mahanafi waliokuja baadaye wakaviingiza misahafu na vitabu katika mlango huo. Basi kabati la Sarajevo lilisimama juu ya fiqhi iliyokwisha fanyiwa kazi.

Halafu iko kanuni mashuhuri kwa mafakihi: sharti la mwenye kuweka wakfu ni kama nassi ya Sharia katika kufuatwa kwake. Lakini maulamaa hawakuifasiri kanuni hii bila kutazama makusudio. Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria (1505), aliandika risala mahususi kuhusu maktaba ya madrasa ya Mahmudiyya ya Cairo, ambayo mwenye wakfu alishurutisha vitabu vyake visitoke. Akalichambua suala la kuviazima, akaelekea kuruhusu penye haja na uaminifu, kwa kuwa mwenye wakfu alikusudia vitabu vinufaishe na visipotee. Katika mambo haya mawili, kunufaisha na kutopotea, ndimo ilimo kazi yote ya nadhiri wa vitabu.

KUTOKA KABATI HADI HIFADHI YA MJI

Vitabu vya Gazi Husrev-beg vilibaki katika madrasa mpaka mwaka 1863, vilipohamishiwa katika jengo lililojengwa kando ya msikiti wake. Mwaka 1935 vikavushwa mto Miljacka na kuwekwa karibu na Msikiti wa Sultani. Katika safari hiyo maktaba ilizidi kukua. Vitabu vya misikiti, madrasa na familia za wanazuoni kutoka sehemu mbalimbali za Bosnia viliingizwa humo, ama kwa hiba ama kwa wakfu mpya.

Leo ina zaidi ya miswada 10,000 ya Kiarabu, Kituruki na Kifursi, na pia ya Kibosnia kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Jambo hili la mwisho halitakuwa geni kwa msomaji wa Kiswahili, ambaye mababu zake waliandika tenzi, barua na mikataba kwa herufi hizo hizo. Miongoni mwa hazina zake za kale kabisa ni nakala ya Ihya ya Imam Ghazali iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 12 Miladi, karne ileile aliyofariki Imam mwenyewe, mwaka 1111.

Zimo pia daftari za mahkama ya kadhi wa Sarajevo na hati za wakfu. Umuhimu wa nyaraka hizi uliongezeka mwaka 1946, serikali ya kikomunisti ya Yugoslavia ilipozifuta mahkama za kadhi. Katika miaka iliyofuata mali nyingi za wakfu zilitaifishwa. Duka likishachukuliwa na msimamizi wake akishafariki, ushahidi unaobaki kwamba lilikuwa la wakfu ni karatasi. Aliyeihifadhi karatasi ameihifadhi na haki ya umma.

Humo pia imo kumbukumbu ya Mulla Mustafa Bašeskija, imam na mwandishi wa barua za watu, aliyefariki mwaka 1809. Kwa miaka mingi aliandika habari za mji wake: moto, tauni, bei za vyakula, na majina ya waliofariki, mafundi, wachuuzi na maskini wakiwemo. Hakuwa mwanachuoni mkubwa wa kutunga vitabu vya usuli, lakini watafiti wa historia ya Sarajevo hawawezi kumpita. Hili ni funzo kwa maimamu wetu: daftari la msikiti linaloandika ndoa, mazishi na michango, baada ya miaka mia mbili huwa kitabu cha historia.

MIAKA YA MOTO

Mwezi wa Aprili 1992 Sarajevo ilizingirwa na majeshi ya Waserbia wa Bosnia, na mzingiro huo haukumalizika mpaka Februari 1996. Maktaba zililengwa. Tarehe 17 Mei 1992 Taasisi ya Elimu ya Mashariki ilipigwa mizinga ikaungua. Miswada 5,263 iliyokuwamo, karibu yote, ikawa majivu. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti mwaka huohuo ikachomwa Maktaba ya Taifa na ya Chuo Kikuu.

Maktaba ya Gazi Husrev-beg ilisalimika kwa sababu, baada ya tawfiki ya Mwenyezi Mungu, walikuwepo watu walioelewa maana ya amana. Mkurugenzi wake, Mustafa Jahić, pamoja na wafanyakazi wachache, walivipakia vitabu katika masanduku ya ndizi na kuvibeba kwa mikono, wakivuka madaraja yaliyokuwa yakilengwa na wadunguaji. Miongoni mwao alikuwamo mlinzi wa usiku wa maktaba, Mwislamu aliyetoka Kongo, mbali kabisa na Bosnia. Vitabu vilihamishwa mara kadhaa, kutoka mafichoni hadi mafichoni. Na katika mji usio na umeme wala maji ya uhakika, walianza kuvipiga picha za filamu, ili karatasi ikiungua maandishi yabaki.

Hapa tunaliona sharti la mwaka 1537 likitekelezwa kwa sura nyingine. Filamu ile ilikuwa ndiyo kunakili. Ama kuvitoa vitabu mahali pake, hakuna anayeweza kusema kulivunja sharti la mwenye wakfu. Mafakihi wa Kishafi'i ni wakali kuliko Mahanbali katika kuuza na kubadilisha mali ya wakfu, lakini kuilinda isiangamie ni wajibu wa nadhiri kwa wote, na anayezembea hujibebesha dhamana.

KIOO AU MSOMAJI?

Mwezi wa Januari 2014 lilifunguliwa jengo jipya la maktaba, lililojengwa kwa msaada wa Qatar, karibu na madrasa ya kale. Kwa hiyo vitabu vilirudi pale vilipoanzia. Jengo lina ukumbi wa kusomea, chumba cha kutibu karatasi, hifadhi ya miswada na sehemu ya makumbusho. Madrasa ya kale, Kuršumlija, nayo sasa ni makumbusho ya wakfu, na khanqah hutumika kwa maonyesho ya sanaa. Mwaka 2017 mkusanyiko wa miswada hiyo uliingizwa na UNESCO katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Wapo wanaoona uchungu kwamba mahali pa darsa pamekuwa mahali pa watalii, na uchungu huo una sababu. Mswada uliofunguliwa ukurasa mmoja ndani ya kioo, mgeni akautazama kwa dakika moja na kupita, haujatimiza makusudio ya aliyetaka usomwe. Khati nzuri ya msahafu haikuandikwa iwe pambo la ukuta. Lakini hukumu ya jambo hili inategemea nini kinaendelea nyuma ya kioo. Sarajevo madrasa yenyewe haikufa. Wanafunzi wake wanaendelea kusoma katika majengo mengine, na mtafiti akihitaji kitabu hupewa nakala bila asili yake kuchakazwa. Pakiwa hivyo, makumbusho ni mlango wa kumwingiza mtu katika elimu. Pakiwa na kioo tupu bila msomaji, wakfu umegeuzwa pambo, na nadhiri ana la kujibu.

AMANA ILIYO MIKONONI MWETU

Katika pwani yetu, unyevu, mchwa na kupuuza navyo huteketeza vitabu. Mjini Zanzibar, Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883 na lililokuja kuwa makumbusho, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafariki. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu. Kwa upande mwingine, Lamu imetoa mfano mwema: miswada ya Msikiti wa Riyadha imepigwa picha za kidijitali kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na asili yake haikuhamishiwa ng'ambo.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili. Kwanza, kijulikane kitabu ni cha nani: ni wakfu, ni mirathi, au ni amana ya mtu? Mirathi haigeuzwi kuwa ya umma bila ridhaa ya warithi. Pili, kiandikwe katika orodha, kwani kisichoandikwa hakidaiwi. Tatu, kipigwe picha kabla hakijapelekwa popote. Nne, kikikabidhiwa makumbusho au hifadhi ya nyaraka, makubaliano yawe kwa maandishi, na sharti la kusomwa liwemo. Tano, patengwe pato, hata kodi ya chumba kimoja cha duka, kwa ajili ya kukitunza.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa mambo matatu, na mawili kati yake ni sadaka inayoendelea na elimu yenye kunufaisha. Kitabu cha wakfu hukusanya yote mawili maadamu yupo anayekisoma. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalipe kheri walioacha, waliobeba na wanaosoma, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kutekeleza amana.

Wallahu aalam.