Chumvi ya Kibiro: Mali ya Wengi na Utaratibu Wake

Kando ya Ziwa Albert, magharibi ya nchi jirani ya Uganda, kipo kijiji cha Kibiro. Ardhi yake haifai kwa kilimo, lakini chemchemi zake za maji moto, zenye chumvi, zimewapatia wakazi riziki kwa karne nyingi.

Kazi hiyo ni ya wanawake. Maji ya chemchemi hupita kwenye mifereji midogo kati ya viwanja vilivyotengwa kwa mawe. Udongo mkavu hutandazwa juu ya ardhi yenye unyevu, na jua huivuta chumvi juu. Udongo huo hukwanguliwa, huchujwa kwa maji, nayo maji huchemshwa mpaka chumvi ibaki. Kisha udongo ule ule hurudishwa kiwanjani. Maji ni ya wote, lakini kila kiwanja kina mwenyewe, na mama humrithisha binti yake.

Chumvi hiyo ilibadilishwa kwa chakula, ikawa nguzo ya biashara ya Bunyoro. Mwaka 1894, katika vita dhidi ya Omukama Kabalega, majeshi ya Kanali Colvile wa Uingereza yaliweka ngome Kibiro, mojawapo ya msururu wa ngome kuelekea Buganda. Kabalega alikamatwa mwaka 1899, akapelekwa uhamishoni Shelisheli.

Utawala wa Waingereza ulikoma mwaka 1962. Chumvi ya Kibiro ikaendelea kuchemshwa. Bunduki iliuteka ufuko wa ziwa, lakini haikuundoa utaratibu wa mawe na urithi. Mali ya pamoja hulindwa kwanza na mipaka ambayo wenyewe wanaiheshimu; askari huja baadaye.