Kumbukumbu tendaji

Mhadhiri anasoma tarakimu polepole: tisa, mbili, tano, nane, tatu. Akitaka zirudiwe kama zilivyo, karibu darasa zima linaweza. Akitaka zianzie mwisho, watu wananyamaza, macho yanapanda darini, midomo inachezacheza. Mara ya kwanza kazi ilikuwa kuzishika tu zisipotee. Mara ya pili inabidi uzishike na papo hapo uzipange upya. Uwezo huo wa kushika jambo akilini huku ukilifanyia kazi ndio kumbukumbu tendaji, na wanaoanza saikolojia ya utambuzi chuoni huuchanganya sana na kumbukumbu ya muda mfupi.

Mchanganyiko huo una historia yake. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika kwamba akili hushika kwa pamoja vitu saba hivi, viwili zaidi au viwili pungufu, na kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa fungu: anayetaja namba ya simu tatu tatu ana mzigo mdogo kuliko anayeitaja mojamoja. (Mwaka 2001 Nelson Cowan aliishusha idadi hiyo hadi kama vinne.) Mwaka 1959 Lloyd na Margaret Peterson waliwapa watu konsonanti tatu, kisha wakawahesabisha kurudi nyuma kwa kuruka tatu tatu ili wasipate nafasi ya kuzirudiarudia. Baada ya sekunde 18 wengi hawakuwa nazo tena. Maswali ya enzi hiyo yalikuwa vitu vingapi na kwa muda gani, na jina “muda mfupi” liliyatosha.

Waingereza wawili, Alan Baddeley na Graham Hitch, waliona halitoshi. Waliuliza: ikiwa mahali hapo padogo ndipo pia tunapofikiria, tukipajaza tarakimu, mtu ataweza kufikiri? Katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 1974, mshiriki alitajataja tarakimu sita bila kukoma, na wakati huohuo akaonyeshwa sentensi kama “A inafuatwa na B” pamoja na herufi BA, aseme ni kweli au si kweli. Kwa nadharia ya zamani angekwama kabisa. Hakukwama. Alichelewa kujibu, lakini makosa yake hayakuongezeka kwa kiasi cha maana. Bila shaka tarakimu zilikuwa na pa kukaa, na fikra ikawa na sehemu yake, ingawa kuna kitu kidogo ambacho zote mbili zilikigombania.

Ndipo wakapendekeza mfumo wenye sehemu tatu: moja ya sauti, moja ya picha na mahali vitu vilipo, na ya tatu inayogawa umakini. Ya nne, inayounganisha yote kuwa tukio moja, Baddeley aliiongeza mwaka 2000. Ile ya sauti wapo wanaoiita kitanzi cha sauti. Mimi jina hilo silipendi, kwa Mswahili kitanzi ni cha kujinyongea. Mzunguko wa sauti unatosha, maana maneno hurudiwa kimyakimya yasififie. Inayogawa umakini inaitika vizuri kwa jina la mtendaji mkuu, kwa kuwa yenyewe haihifadhi chochote.

Na kwa nini kumbukumbu tendaji isiitwe “kumbukumbu ya kazi”? Kwa sababu msikilizaji atadhani ni daftari la ofisini, kama zilivyo kumbukumbu za kikao. “Tendaji” inaelekeza kwenye kutenda moja kwa moja. Mtazame konda wa daladala ya Mbagala: wawili wanashuka Mtongani, aliyetoa noti ya elfu kumi hajarudishiwa chenji, mwanafunzi wa nyuma keshalipa, na mdomo wenyewe unaita abiria. Chenji ikishatoka, deni hilo linafutwa akilini na jingine linaingia. Kusema ana kumbukumbu ya muda mfupi ni kweli, ila hujaigusa kazi anayoifanya.

Kuna jambo jingine linalowahusu wanaopima watu kwa Kiswahili. Mwaka 1975 Baddeley na wenzake walionyesha kuwa maneno marefu hukumbukwa machache kuliko mafupi. Mtu hushika takriban kile anachoweza kukitamka kwa sekunde mbili. Mwaka 1980 Ellis na Hennelly wakaona jambo hilo kwa wasemaji wa Kiwelsh na Kiingereza: watu walewale walishika tarakimu chache zaidi kwa Kiwelsh, ambako kuzitamka kunachukua muda zaidi. Kwetu, kuanzia moja hadi tisa kila tarakimu ina silabi mbili, na sifuri ina tatu, wakati za Kiingereza nyingi zina silabi moja. Kipimo kilichosanifiwa kwa Kiingereza kikitafsiriwa na kupelekwa shule ya Tandahimba, mtoto aliyeshindwa tarakimu ya sita asiandikiwe udhaifu kabla haijapimwa kasi yake ya kuzitamka.