Siku Moja London: Sayyid Barghash na Dada Yake, 1875



Likizo iliyopita tulijaaliwa, alhamdulillah, kuwapeleka watoto London kwa jamaa yetu anayeishi huko. Siku ya kutembea mjini tulikuwa nayo moja tu, na kila mtu alikuwa na lake. Mdogo alitaka kupanda lile gurudumu kubwa la kando ya mto, mkubwa alitaka maduka, mama yao aliuliza tutaswali wapi. Mimi nilitaka kuona sanamu moja. Wakacheka sana. Nani anafunga safari kutoka Bujumbura kwenda kutazama sanamu?

Tulishuka kituo cha Westminster kwa treni ya chini ya ardhi. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1868, wakati treni za chini zilikuwa bado zinavutwa na injini za mvuke, moshi na yote humo humo shimoni. Ukipanda ngazi na kutoka nje unakutana uso kwa uso na ile saa maarufu, Big Ben. Watoto wakapiga picha. Nikawaambia saa hii ilianza kufanya kazi mwaka 1859, na mwaka huo huo huko Unguja kulikuwa na moto katika nyumba ya kifalme.

Sayyid Said bin Sultan alikuwa amefariki mwaka 1856, na mwanawe Majid akakaa kwenye kiti cha Zanzibar. Mwaka 1859 Barghash, ndugu yake Majid kwa baba, alitaka kumpindua. Karani wa njama hiyo alikuwa binti wa miaka 15, dada yao Salme. Wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma tu, si kuandika. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Basi barua za njama zikawa mikononi mwake. Waingereza walimsaidia Majid, njama ikavunjika, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid, na Barghash hakulisahau hilo.

Kutoka hapo tulivuka barabara hadi kanisa kuu la Westminster Abbey, ambako wafalme wa Uingereza hutawazwa. Kiingilio chake si kidogo, wenye familia kubwa wajiandae. Ndani, sakafuni, kuna kaburi la David Livingstone, aliyezikwa hapo Aprili 1874. Alifia mwaka uliotangulia katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliubeba mwili wake kwa miguu miezi mingi hadi Bagamoyo. Jiwe la kaburi linataja kwamba mikono miaminifu ilimleta. Majina ya wenye mikono hayamo. Mwanangu alilisoma mara mbili akitafuta.

Tukafuata mto Thames kwa miguu. Barabara ile pana ya kando ya mto, Victoria Embankment, ilifunguliwa mwaka 1870, mwaka ule ule Majid alipofariki na Barghash kuwa Sultani. Katika bustani iitwayo Whitehall Gardens tukaipata sanamu yangu: Sir Bartle Frere. Wapita njia hawamtazami hata kidogo, walikuwa wanakula mikate yao kwenye viti. Lakini katika historia ya pwani yetu mtu huyu anaingia mara mbili.

Mara ya kwanza ni Januari 1873, alipotumwa Zanzibar kumtaka Barghash akomeshe biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Barghash alikuwa katika hali mbaya. Aprili 1872 kimbunga kiliwavunjia Waunguja mikarafuu na kuzamisha meli za Sultani. Akakataa. Frere akaondoka mikono mitupu, lakini miezi michache baadaye balozi John Kirk alimpa Sultani habari kwamba manowari zitakizingira kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa saini na soko la watumwa likafungwa. Tusiwadanganye watoto wetu hapa: biashara ile ilikuwa dhulma, na wengi walioifanya pwani walikuwa Waislamu. Kwamba aliyeisimamisha alikuja na mizinga na hesabu zake mwenyewe hakuifanyi kuwa halali. Yote mawili ni kweli, na mtoto wa sekondari anaweza kuyabeba yote mawili.

Mara ya pili ni London kwenyewe, kiangazi cha 1875. Barghash alialikwa na serikali ya Uingereza, akaonana na Malkia Victoria huko Windsor, akatembezwa mjini kama sisi siku ile, ila yeye kwa magari ya farasi. Mwandishi wake, Zahir bin Said, aliandika habari za safari hiyo kwa Kiarabu na kitabu kikachapwa London. Aliporudi kwake Sultani alileta maji ya mabomba mjini Unguja, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, ambayo kwa huzuni sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Na Salme? Naye alikuja London mwaka huo huo. Alikuwa ametoroka Zanzibar mwaka 1866 kwa ajili ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1867 huko Aden alibatizwa na kuolewa siku moja, akaitwa Emily. Kwetu Waislamu jambo hilo ni zito na siwezi kulipita kimya, wala kwa Barghash halikuwa jepesi. Mwaka 1870 mumewe alifariki Hamburg kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Aliposikia kaka yake anakuja Uingereza akaona mlango umefunguka.

Aliyemjia alikuwa Frere. Kwa maelezo ya Salme mwenyewe katika kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 1886, Frere alimuuliza achague: kupatana na ndugu zake, au kuhakikishiwa mustakabali wa watoto wake. Mama akachagua watoto, akaacha kumtafuta Barghash. Kisha ahadi haikutimizwa. Huu ni upande wake tu wa habari, lakini kama ni hivyo, basi wanaosema Barghash alimfukuza London wanakosea. London hakupewa hata nafasi ya kukataa. Alikataa baadaye, mwaka 1885, Salme alipofika Unguja na manowari za Kijerumani nyuma yake. Hapo nami nisingeshangaa.

Binti yangu hakuridhika. "Baba, kwa nini asiende tu kugonga mlango? Ni kaka yake." Nilimwambia habari ya ahadi, ya watoto watatu, ya mlango wenye walinzi wa serikali. Akasema, "Mimi ningegonga." Mama yake alimtazama kaka mtu, aliyekuwa amemnunia tangu asubuhi kwa sababu ya kiti cha treni, wala hakusema kitu.

Frere alifariki mwaka 1884. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 1888, mwaka aliofariki Barghash. Salme aliwazidi wote, akafariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Husemwa kwamba katika vitu vyake palikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, wakamzika nacho.

Gurudumu hatukulipanda, foleni ilikuwa ndefu. Tulichukua basi hadi msikiti mkubwa wa Regent's Park tukaswali Alasiri. Wazazi mnaokwenda kiangazi mjue kwamba Magharibi huko huingia baada ya saa tatu usiku, na watoto huchoka kabla. Ndani ya basi la kurudi mdogo alilala. Binti yangu alikuwa macho, akipima kwa viganja vyake hewani, akataka nimwambie mfupa wa bega la ngamia una ukubwa gani, na maneno mangapi yanaweza kuenea juu yake.