Kiti kimoja, mtoto mmoja: Nani anastahili basi la shule?

KABLA jua halijachomoza, wanafunzi wengi wa Mbweni, kata ya Manispaa ya Kinondoni iliyo kando ya Bahari ya Hindi kaskazini mwa Dar es Salaam, huwa wamekwishatoka majumbani.

Wapo wanaosubiri basi la njano la shule binafsi karibu na nyumbani, na wapo wanaokwenda kutafuta daladala.

Kwa kundi la kwanza, haki ya kupanda hutokana na malipo. Basi la shule si usafiri wa umma. Anayestahili ni mwanafunzi wa shule hiyo ambaye mzazi wake amelipia, na kwa kawaida gharama hupanda kadiri nyumba ilivyo mbali.

Hata hivyo, malipo hayo hununua kiti, si mapaja ya mwenzake wala nafasi ya kusimama mlangoni.

Idadi ya abiria huandikwa katika kadi ya gari, na kuizidisha ni kosa la usalama barabarani. Msimamizi wa watoto naye ni abiria, hivyo kiti chake hakihesabiwi kuwa cha mwanafunzi.

Wenye mabasi hujitetea kuwa watoto ni wadogo, hivyo viti viwili hutosha watatu. Nchini Marekani, kiti cha upana wa sentimita 99 huhesabiwa kuwa cha watoto watatu wadogo, lakini wanafunzi wakubwa hukaa wawili.

Hesabu hiyo ni ya mabasi yaliyoundwa mahususi kwa wanafunzi, yenye migongo mirefu ya viti iliyotiwa sponji ili kumkinga mtoto gari linapogonga. Coaster, Rosa na Hiace zinazotumika sana Dar es Salaam ziliundwa kwa abiria wa kawaida.

Gharama ya kupuuza hesabu inajulikana. Mei 6, 2017, basi aina ya Rosa la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia, wilayani Karatu. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki dunia. Wanafunzi watatu walinusurika. Miongoni mwa mashtaka yaliyofikishwa mahakamani baadaye ni kuzidisha abiria 13.

Kwa kundi la pili, haki ipo katika nauli. Mwanafunzi hulipa kiwango maalumu kilichopangwa na Serikali, na sare au kitambulisho ndicho kithibitisho chake.

Mwaka 2013, iliyokuwa Mamlaka ya Udhibiti wa Usafiri wa Nchi Kavu na Majini (SUMATRA) ilipanga nauli ya mwanafunzi kuwa Sh200, wakati mtu mzima akilipa Sh400 kwa safari isiyozidi kilomita 10.

Desemba 2023, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, ilipandisha nauli ya mtu mzima kwa umbali huo hadi Sh600. Ya mwanafunzi ilibaki Sh200.

Hivyo, katika miaka 10, mwanafunzi alitoka kuwa nusu ya abiria na kuwa theluthi. Ndiyo maana kondakta anayesaka hesabu ya tajiri humzuia mlangoni, ingawa kiti anachokalia ni kilekile.

Uingereza hutumia kipimo kingine, yaani umbali. Mtoto wa chini ya miaka 8 anayeishi zaidi ya kilomita 3.2 kutoka shule inayomfaa iliyo karibu zaidi husafirishwa bure na halmashauri. Kuanzia miaka 8 hadi 16, umbali huo ni kilomita 4.8.

Kwa mzazi wa Mbweni, ulinzi wa kwanza ni hesabu rahisi: aione kadi ya gari, aombe orodha ya watoto wa safari hiyo, kisha alinganishe. Majina yakizidi viti, kuna mtoto asiye na kiti, na huenda ni wake.